Mwaka wa Mrusi na Mjapani

Tulimzika Masanja kwao Maswa, asubuhi, kwenye mwanga laini ambao mpiga picha yeyote angeutamani. Nilijikuta nauwaza mwanga huo wakati jeneza linashushwa, nikaona aibu, kisha nikakumbuka kwamba hata yeye angeuwaza. Watu walipoanza kutawanyika, binti yake Limi alinishika mkono akanipeleka chumba cha nyuma, akafungua mkoba mweusi uliochakaa na kuweka kamera mbili juu ya kitanda. Zilikuwa kamera za dijitali za zamani kidogo, za bei ya mtu anayeanza kazi, zile ambazo siku hizi vijana wanaziacha kwa sababu simu zao zinawatosha. "Shangazi, moja nitaiuza," alisema. "Nibaki na ipi?" Nilizishika kwa zamu. Moja ilikuwa nyepesi na ya haraka, ya kumfuata bibi harusi anayecheza au mtoto anayekimbia. Nyingine ilikuwa nzito, inachelewa kukubali kidole, lakini nilipotazama picha zilizobaki ndani yake niliona ngozi za watu jinsi zilivyo, weusi wenye uhai, na nikamwambia kwamba hiyo ni ya mtu aliyekaa akatulia, itamheshimu. Limi alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Baba alisema hivyo hivyo. Sasa nieleze na hiki." Alinionyesha sehemu ya juu ya kila kamera, pale flashi inapochomoza. Zote mbili zilikuwa zimebandikwa plasta nyeusi, zimezungushiwa mara nyingi kama kidonda. "Harusi zote za usiku alibeba taa za kusimamisha, watu wakimcheka. Kwa nini?" Nilimwambia nitamweleza. Nimerudi Bariadi na sijamweleza. Nimekaa mezani nikaanza kuandika, kwa sababu jambo hili nikilisema kwa mdomo nitalia kabla sijafika mbali.

Ulikuwa mwaka ambao malori ya wanunuzi binafsi yaliingia kwetu kununua pamba. Kabla ya hapo mkulima alipeleka pamba yake kwenye ushirika, akapewa karatasi, akangoja. Mwaka ule wageni waliovaa miwani ya jua walisimamisha malori kando ya barabara na kulipa hapo hapo, noti mkononi, na mji wetu mdogo ukapata wazimu. Radio kaseti, baiskeli, mabati, magodoro, kila kitu kilifika Bariadi na kila kitu kiliondoka mgongoni mwa mtu. Na mtu akishanunua baiskeli alitaka kupigwa picha nayo. Studio yetu ilikuwa nyuma ya duka la Mzee Abdi, mzaliwa wa Tabora aliyefuata biashara akaoa na kuzeekea hapa. Ilikuwa chumba kirefu chenye pazia la bluu lililochorwa ndege ya abiria, benchi, kioo cha kuchania nywele, na dirisha kubwa la mbao upande wa mashariki. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na hoteli, na ukuta ulikuwa wa matope, kwa hiyo tuliwasikia wanunuzi wakinywa supu. "Ushirika umekufa, tunaosha maiti tu," sauti moja ilisema siku moja, na wengine wakacheka huku wanafyonza mifupa. Mchana mke wa Mzee Abdi alituletea wali na maharage kwenye sinia moja, nasi tukala watatu, Mzee Abdi, Masanja na mimi, tumeinama, mikono yetu ikinuka dawa ya kusafishia picha. Nikitafuta siku ambazo nilikuwa na furaha bila kujua, ni hizo.

Kamera zilikuwa mbili. Ya kwanza tuliiita Mrusi. Alikuwa na uzito wa tofali, chuma kitupu, hana sindano ya kupima mwanga, kila kitu ukadirie mwenyewe kwa jicho na kwa uzoefu. Ukimbonyeza alilia kama mlango wa banda. Lakini mtu aliyekaa dirishani, uso umegeuzwa kidogo, Mrusi alimchukua mpaka ukaona alivyolala jana. Tulimlisha filamu nyeusi na nyeupe, tukazisafisha wenyewe kwenye chumba cha giza. Wa pili, Mjapani, alinunuliwa Mwanza mwanzoni mwa msimu ule ule, mtumba lakini anang'aa. Alikuwa mwepesi, sindano yake ilikuambia mwanga ukipungua, na kichwani alikubali flashi. Huyu alikula filamu ya rangi, nayo ilibidi ipelekwe Mwanza kwa basi na kungojwa. Mimi nilimpenda Mrusi. Masanja, kijana mrefu wa vicheko vingi, hakumwachia Mjapani hata wakati wa kula.

"Mrusi wako anapiga picha kama anachimba kisima," aliniambia. "Mtu anakaa hapo mpaka nzi wanamzoea."

"Na Mjapani wako ni kuku. Anadonoa, anakimbia."

"Kuku huyo ameshika wacheza ngoma hewani, miguu yote juu. Mrusi angewapata wameshalala nyumbani kwao."

Mzee Abdi alitikisa kichwa nyuma ya meza yake. "Nyamazeni nyie. Mke mkubwa na mke mdogo, wote wanakula kwangu." Kisha, kwa sauti ya mtu anayefundisha, alituambia kwamba kamera nzuri haipo, ipo kamera inayofaa kwa uso huu na mahali hapa. Tulimwona mzee anayependa maneno. Nimeishi kutosha kujua kwamba hata yeye hakujua alichokuwa anasema.

Njile alitoka Kasoli na baiskeli mpya. Alikuwa mkulima wa miaka kama arobaini, mwenye kifua kipana na sauti ya kuita ng'ombe, na pamba yake ilikuwa imempa nyumba ya mabati. Picha ya studio hakuitaka. Hata ya nje hakuitaka. "Nje kila mtu anapigwa," alisema. "Mimi nataka ndani. Mabati yaonekane, na ukoo wangu chini yake. Na iwe ya rangi." Tukaenda, Masanja na Mjapani wake, mimi nikienda kupanga watu na kushika mkoba. Nyumba ilikuwa kubwa kweli, yenye madirisha madogo kama ya ghala, kwa hiyo ukitoka juani ukaingia ulipofuka kwa muda. Mama yake Njile, Bibi Minza, alikuwa ameketi ndani kabisa, karibu na mafiga, akitupikia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Walipikia mabua ya pamba na samadi iliyokauka, kama wanawake wote wa huko ambako miti imekwisha, na moshi ulikuwa umemkalia machoni maisha yake yote. Aliyafuta kwa ncha ya kanga kila mara. "Mwadila, wajukuu," alitusalimu. "Hamjaniambia nikae vipi. Nikae kama mimi, au kama mke wa mkuu wa wilaya?" Watu wakacheka. Hakuwahi kupigwa picha. Alimtaka Masanja amwonyeshe mahali ambapo angetazama, kisha akakitazama kioo cha kamera moja kwa moja, kwa utii, macho wazi kabisa gizani, na flashi ikawaka. Alishtuka, akacheka, akasema ameona radi ndani ya nyumba. Tulikula michembe kwa karanga, tukarudi mjini tumeshiba na jua linazama juu ya mashamba yaliyochumwa.

Picha ziliporudi kutoka Mwanza, Masanja alizipanga mezani na kuziangalia kama mkulima anayeangalia pamba ya daraja la kwanza. Mabati yaling'aa. Njile alikuwa amesimama mlangoni kama chifu. Na kwenye picha ya mama yake, picha nzuri, kicheko kikiwa kinaanza pembeni mwa mdomo, macho mawili yalikuwa mekundu kama makaa. Masanja alijua sababu, alishaisikia kwa mafundi wa Mwanza. Flashi ikiwa karibu na kioo, na mboni zikiwa zimepanuka gizani, mwanga unaingia jichoni, unagonga nyuma penye damu, unarudi. Alitaka kuitoa picha hiyo kwenye bahasha. Lakini Njile alikuwa tayari ameingia, ameichukua mwenyewe, na mimi nikauona uso wake ukibadilika. Alizifunga zote kwenye gazeti akaondoka.

Ambaye hakukulia kwetu anahitaji kuelezwa. Katika miaka ile macho mekundu ya mwanamke mzee hayakuwa ugonjwa. Yalikuwa shitaka la uchawi. Moshi uliyafanya mekundu, umri uliyafanya mekundu, na watu waliokuwa na msiba usioeleweka waliyatafuta. Bibi Minza alikuwa ameishi na macho yake ya moshi bila mtu kumsema, kwa sababu alikuwa mcheshi na mkunga wa wengi. Sasa kilikuwepo kitu cha kushika mkononi. Njile hakukitundika ukutani, lakini hakukichoma pia. Wageni walionyeshwa. Kisha maksai wake wawili wa kulimia wakafa, mmoja baada ya mwingine, matumbo yamevimba. Siku ya gulio nilimsikia mwanamke akimwambia mwenzake kwenye mafungu ya dagaa: "Kamera imemwona. Sisi tulikuwa tunakula naye."

Nililia mbele ya Mzee Abdi, kisha nikasema nitamtumia Mrusi. Nilikuwa na imani ya kijinga ya ujana, kwamba picha mbaya inajibiwa kwa picha nzuri. Nilimwalika Bibi Minza aje mjini. Nilimketisha dirishani asubuhi, mwanga ukimwagikia shavu moja, sikumharakisha, na Mrusi akalia mara moja. Sijawahi kupiga picha bora kuliko ile. Nilipoiona inajitokeza ndani ya maji, mikunjo kwanza, kisha mdomo, kisha macho meusi yaliyojaa maji kidogo, nilidhani nimemwokoa. Niliipeleka Kasoli mwenyewe. Njile aliitazama, akanirudishia.

"Rangi mmeiweka wapi?"

"Hii haina rangi, kaka. Ni filamu ya—"

"Ndiyo nauliza. Ile ina rangi inasema hivi. Hii mmeitoa rangi. Mtu anayeficha ng'ombe wa wizi si anampaka majivu?"

Mkewe aliyekuwa anapepeta mahindi alisema bila kuinua kichwa kwamba hata kipofu angejua ipi kati ya hizo mbili ni ya kweli. Nilisimama pale na picha yangu. Mpaka leo, nikiona vijana wanabishana kamera ipi inatoa ukweli zaidi, natafuta mlango.

Masanja hakukata tamaa kama mimi. Alikuwa na akili ya mafundi, aliamini kitu kikielezwa sawasawa kitaeleweka. "Tutawapiga wote," aliniambia. "Nyumba ile ile, giza lile lile, flashi ile ile. Njile mwenyewe macho yatakuwa mekundu. Akijiona, ataacha." Ilikuwa hoja safi. Hata sasa, nikiichunguza, sioni mahali ilipopasuka, isipokuwa kwamba watu hawakai mahali unapotaka wakae. Njile alikubali kwa dharau, lakini hakuingia ndani. Alisimama mlangoni pake pa siku zote, uso kwenye jua, mboni zimebana kama tundu la sindano. Mkewe akasimama ubavuni kwake. Masanja akawaomba wasogee gizani, Njile akasema, "Mimi sijifichi." Aliyekaa ndani alikuwa Bibi Minza peke yake, na mjukuu wake Holo, mtoto wa Njile wa mwisho, aliyekuwa hajaanza shule, alikimbia akampandia bibi yake mapajani kwa sababu alitaka kuiona tena ile radi. Masanja alibonyeza. Hakukuwa na sababu ya kutobonyeza.

Tulingoja basi la Mwanza. Bahasha ilipofika Njile alikuwa ameshakuja kuingoja, na ilifunguliwa mezani kwa Mzee Abdi mbele ya wote. Macho ya Njile yalikuwa meusi. Ya mkewe yalikuwa meusi. Nyuma yao, gizani, yalikuwepo macho manne mekundu, mawili ya mzee na mawili ya mtoto, na ya mtoto yaliwaka zaidi.

"Sikiliza," Masanja alisema. "Mwanga unaingia jichoni, unapiga kwenye damu, unarudi na rangi yake."

"Kwa hiyo damu ipo," Njile alisema.

"Damu ipo kwa kila mtu!"

"Kwangu haikuonekana. Kwa mke wangu haikuonekana." Aliweka kidole chake kinene juu ya uso wa Holo, taratibu, kama anayemfunika. "Ameshamrithisha."

Mzee Abdi alisimama akamsihi kwa Mungu, akamwambia yeye ni mtu mzima na ameona vitoto vingi vikitoka hivyo kwenye picha za rangi, ni dosari ya mtambo. Njile hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa baba anayeogopa. Ilisemwa huko kwamba bibi humpa mjukuu wa kike kazi yake kabla hajafa, na mtoto aliyepewa huwezi kumlea, huwezi kumwoza, huwezi kumwacha na watoto wenzake. Wiki ile mke wake alimlaza Holo kwenye kibanda cha kuku. Watoto wa jirani walimpigia mayowe akienda kisimani.

Bibi Minza alikuja studio akitembea, vumbi mpaka magotini. Alikataa benchi, akakaa chini kwenye mkeka. Mke wa Mzee Abdi alimletea chai akainywa yote. Masanja alianza tena kueleza mambo ya mboni na mwanga, akasema tutakwenda kwa mtendaji wa kata, tutakwenda kwa padri, tutawapiga watu wote wa Kasoli mmoja mmoja. Bibi Minza alimwacha amalize.

"Wabeja, mjukuu," alishukuru. "Mna moyo mzuri. Lakini msieleze tena. Kila mkieleza anaongezeka mtu mmoja."

Nilimuuliza atafanya nini. Alisema kuna kikao cha ukoo, na atasema pale. "Nitawaambia ni mimi. Kwamba mtoto hana kitu, ila nilikuwa nimempakata, na yale macho yalikuwa yangu, yamepitia kwake tu. Nikiondoka yataondoka." Alisema kwa utulivu wa mtu anayepanga safari ya sokoni. "Nina kaka huko Zagayu. Nitakaa kwake."

"Lakini si kweli, bibi."

"Sasa ukweli utamlaza wapi Holo leo?"

Alisema hivyo hivyo kwenye kikao, tulisikia. Alikiri vizuri sana, akaongeza mpaka maksai. Holo alitolewa kwenye kibanda cha kuku usiku ule ule. Bibi Minza alifunga kanga zake mbili na chungu, akashika njia ya Zagayu kulipopambazuka, na hakufika. Walimkuta wachunga ng'ombe kwenye shamba la pamba lililokwisha chumwa, amelala kati ya mistari. Waliomuua hawakutajwa, wala hawakutafutwa sana. Mtu alikuwa amekiri mwenyewe. Mzee Abdi alifunga duka siku mbili, na Masanja alikaa kwenye benchi la studio, Mjapani magotini mwake, akimfungua na kumfunga, kama anayetafuta ndani yake kitu kilichoanguka.

Kisha Njile alikuja. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na viatu vyake vilikuwa vizito kwa tope. Alikuwa amemshika Holo mkono, amemvalisha gauni jipya la manjano. Mtoto alikuwa anatazama sakafu, na hakuinua uso hata nilipomwita kwa jina. "Nimemleta tuone kama yametoka," Njile alisema. "Ile ile ya rangi. Na ule moto uwake kama siku ile, nisije nikaambiwa mmeficha." Aliongeza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo: "Yasipotoka, sijui nitafanya nini. Ndugu zangu wanauliza kila siku."

Masanja alinitazama. Tulikuwa tumeshafundishwa, kwa gharama isiyolipika, kila kitu kuhusu kamera ile. Nililifungua dirisha la mashariki mpaka mwisho. Nilimketisha Holo kwenye kigoda, nikamwinua kidevu kwa kidole, nikamwomba aangalie nje, kwenye mwanga mweupe baada ya mvua, aniambie anaona ndege wangapi, mpaka mboni zake zikabana. Masanja aliichomoa flashi kichwani mwa Mjapani, akaiunga kwa waya, akanipa mimi niishike juu, mbali, pembeni kabisa. Nilisema, "Holo, tazama huku." Aligeuka. Moto ukawaka, mkubwa, Njile akauona kwa macho yake na akatikisa kichwa kwa kuridhika. Niliendelea kuinyanyua flashi hata baada ya picha kupigwa.

Basi la Mwanza lilichelewa kwa sababu ya tope. Njile alikuja kuuliza kila siku ya gulio, na bahasha ilipofika hakutaka iguswe na mtu. Aliifungua mwenyewe. Kwenye gauni la manjano, mbele ya ndege yetu ya kuchora, alikuwepo mtoto mwenye macho meusi, safi, makubwa, hayana doa. Njile aliishika picha kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, mtu mzima, mbele yetu, akamshika Masanja bega na kumshukuru, akanishukuru mimi, akamshukuru Mungu. Kisha alitugeuzia picha ili na sisi tuione vizuri.

"Mnaona?" alisema. "Mlikuwa mnabisha. Alikuwa ni mama."